Sahani ya Kyungu

Mtu wa kwanza kuisimulia habari hii kwa sauti, mbele za watu, alikuwa mama yangu, siku tulipomaliza kilio cha Nkambo, mama mzazi wa baba. Kabla ya siku hiyo kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake na alikaa nacho kimya. Mimi nilikuwa bado mtoto mwenye kaptula ya shule na meno yaliyong'oka wakati mambo yenyewe yalipotokea, kwa hiyo niliyoyaona kwa macho nitasema niliyaona, na ya mama nitasema ni ya mama. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeulizwa nani alitangulia kuzaliwa na nani amezikwa wapi. Sipendi kuchanganya.

Sikuwa na nia ya kuiandika. Televisheni ndiyo iliyonikalisha chini.

Kila Jumapili mchana, kama umeme upo, naangalia tamthilia moja ya mizimu, na sioni haya kusema hivyo. Namjua yule mwanamke anayezungumza na kisima. Najua kwa nini mume wake wa kwanza hana kivuli. Mchawi wa sokoni nilimtambua mapema, wakati wahusika wenyewe bado wanamnunulia nyanya. Wasomi wa familia hunicheka, nami huwaacha wacheke, maana wakipita mlangoni husimama kidogo kuuliza kisima kimesema nini leo. Tunaangalia watu watatu, hapa katika lupango wetu, yaani kiwanja chetu, kwenye mtaa uitwao komini ya Kenya, mjini Lubumbashi: mimi, mdogo wangu Kabange ambaye ni fundi wa milango ya chuma, na Mama Odette, mpangaji wetu wa nyumba ya nyuma. Kabange huja na chakula chake. Huja na sahani mbili.

Jumapili iliyopita tamthilia ilionyesha mtoto aliyefiwa na pacha wake. Mama yao aliendelea kumwekea marehemu chakula, kwenye sahani nyeupe ya kauri kama ya hoteli. Mlango unafungwa, muziki unaanza, na ukifunguliwa sahani ni tupu. Mtoto aliyebaki anakonda. Jirani anamwambia mama: mwanao aliyekufa anamla mwenzake polepole. Mwishoni anaingia mhubiri mwenye joho, anainua ile sahani juu ya kichwa, anaipasua sakafuni, moshi unatoka, mtoto anatabasamu. Mama analia kwa furaha. Ikaisha hapo.

“Damu ya Yesu!” alisema Mama Odette. Kisha akageuza macho, akaziangalia sahani mbili zilizokuwa miguuni mwa Kabange. “Papa Kabange, na weye si ungeacha ile mambo? Umeona vile inaishaka.”

“Niliona,” Kabange akajibu, akiendelea kufuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha bukari, ugali wetu wa huku.

Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Tamthilia hiyo imewahi kunidanganya mara nyingi na nikaisamehe. Mtu asiye na kivuli, sawa. Kisima kinachosema, sawa, sijawahi kuishi karibu na kisima. Ila sahani ya pacha aliyeondoka naijua. Nimeiosha mimi mwenyewe.

Watu wa kwetu ni wa Katanga ya kaskazini. Babu aliletwa huku na kazi ya reli. Kwetu pacha huitwa mapasa, na majina huja nayo yenyewe, hakuna anayechagua: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Mama aliitwa Mama Mapasa tangu siku ile, na wanawake waliokuja kumpongeza walimwimbia matusi ya mapasa, maneno ambayo siku nyingine yangeleta ugomvi, naye alipaswa kucheka. Kila kitu kilitolewa mara mbili. Kaptula mbili, viti vifupi viwili, sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu. Ya Kyungu ilikuwa imebanduka rangi upande mmoja, kwa sababu aliigeuza ngoma. Walibatizwa kanisani siku moja na Nkambo aliwabeba wote wawili, mmoja kila mkono, na rozari shingoni. Yeye hakuona kwamba jambo moja linalizuia lingine.

Na kwetu hakuna anayesema kwamba pacha amekufa. Husemwa ameenda kuteka maji.

Kyungu alienda kuteka maji kwa surua, msimu wa mvua, kabla hawajaanza shule. Kilio kilipomalizika Nkambo alipaswa kurudi Kipushi, ambako aliishi kwa mtoto wake mkubwa. Baba alikuwa tayari amerudi kazini, mbali kwenye reli. Nilimsindikiza Nkambo hadi kwenye kituo cha magari pamoja na mama na Tantine Bea, shangazi yetu, mdogo wake baba, aliyekuwa ameingia kikundi cha maombi cha barabara ya nyuma yetu. Yale waliyoyasema nimeyasikia mwenyewe.

“Mama Mapasa,” Nkambo alisema, akiwa amekwisha kuweka mguu mmoja ndani ya gari, “ile sahani usiitoshe, usiiondoe. Ukitosha ya mumoja, ule mwengine atakauka.”

“Ndiyo, mama.”

“Mama, ile ni mambo ya kule ku kijiji,” Tantine Bea akaingilia. “Hapa tuko mu Kristo.”

“Mi nilibatizwa mbele weye uzaliwe, Bea. Usinifundishe Kristo ku kituo ya motokari.”

Abiria walicheka. Tantine hakucheka, na gari lilipoondoka alimshika mama mkono njia nzima, akimwambia maneno kwa sauti ya chini. Siku ile ile mama aliifunga sahani ya Kyungu ndani ya kitenge na kuiweka juu ya kabati. Simlaumu. Mama aliniambia baadaye kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya Tantine. Alifanya kwa sababu kila akiishika ile sahani alishindwa kuendelea kupakua, na alikuwa na watoto wengine wa kulisha.

Kabange alianza kukonda.

Hakukataa chakula. Hilo nalisema kwa nguvu, kwa sababu kwenye tamthilia yule mtoto anageuza uso, anatema, anatoa macho. Kabange alikaa kwenye kiti chake kifupi, akanawa mikono, akala kwa utulivu. Ila kila mara bukari ilibaki nusu. Ilikatwa katikati, sawasawa, kama kwa uzi. Samaki alibaki upande wa kichwa. Mama alimpeleka dispensari. Wakampima, hawakuona ugonjwa, wakampa sirop, dawa ya maji ya kuamsha hamu ya kula. Kabange aliipenda ile sirop. Hata hivyo kwenye kijiko aliacha nusu.

Akawa na shingo nyembamba na masikio makubwa. Watoto wa barabara yetu, maana watoto hawana huruma popote duniani, walianza kumwita Antena. Aliposimama golini kaptula ilishuka, ikabidi aishike kwa mkono mmoja, na mlinda lango anayeshika kaptula hafai.

Siku moja Tantine Bea alikuja kutusalimia, akakuta kitu nyuma ya mlango wa chumba tulicholala watoto: bakuli dogo lililofunikwa kwa kifuniko cha sufuria. Aliinua kifuniko. Ndani kulikuwa na nusu ya bukari na kichwa cha samaki. Akakirudisha upesi kama mtu aliyeungua, wala hakumuuliza mtu yeyote kitu. Kesho yake alikuja tena mapema, akafunua. Bakuli lilikuwa tupu, limelambwa likang'aa, na miiba ya samaki imebaki sakafuni.

“Unaona?” akamwambia mama uani, nami nipo, nafua. “Unaona, bwana? Anakuyaka kukula. Kyungu iko anamukokota mwenzake. Kidogo kidogo, mpaka atamumaliza.”

Niseme jambo ambalo watu wazima hawakulitazama: paka wa jirani msimu ule alinenepa hadi akashindwa kupita chini ya lango.

Lakini mama alisadiki. Na hapa ndipo ninapofika kwenye kipande chake, alichokitoa siku ya kilio cha Nkambo. Alisimama katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akasema: “Mi nilimuogopa Kyungu. Mutoto nilimuzaa mwenyewe, nilimuogopa.” Alisema kwamba katika maisha yake yote hakuna aibu iliyomlemea kama ile, kuogopa mtoto aliyemnyonyesha, kwa sababu mtu fulani amefunua bakuli.

Kikundi cha maombi kilitoa shauri lake. Kabange apelekwe kwenye chumba cha sala, afungiwe humo bila chakula wala maji, mpaka aliyemshika amwachilie. Tantine alikuja kumchukua Jumamosi asubuhi, na wanawake wawili wenye vitambaa vyeupe kichwani. Mama alikuwa amekwisha kufunga nguo za Kabange ndani ya kitenge. Lakini ndani ya juma alikuwa amemtuma dereva mmoja wa lori la makaa apeleke habari Kipushi, hata ile ya bakuli, na mimi naamini alipomtuma alijua anachotaka, ingawa hakudiriki kukisema.

Kabange alisimama mlangoni ameshika kaptula yake. Mguu wake ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Hata mimi, na umri wangu ule, nilielewa kwamba mtoto huyu akienda kukaa bila kula hatarudi.

Wale wanawake walikuwa wameanza wimbo Nkambo alipoingia langoni na kikapu chake kichwani. Hakusalimia. Aliteremsha kikapu, akakaa kwenye kiti kifupi, kile cha Kyungu, ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu kilio, akamwita Kabange mbele yake.

“Kabange. Juu ya nini haukuli?”

Katika majuma yote yale, mama, Tantine, dispensari, kikundi cha maombi, hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto mwenyewe.

“Ninakulaka,” Kabange alisema.

“Banasema unaachaka nusu.”

“Ile ni ya Kyungu.” Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. “Banamutoshea sahani yake, banaificha. Sasa tunakulaka bote mu moja.”

Wimbo ulikufa. Nakumbuka sauti ya mashine ya kusaga unga upande wa pili wa barabara, na mama akishuka polepole mpaka akakaa kizingitini.

Tantine ndiye aliyeinuka kwanza. “Si mumesikia? Yeye mwenyewe amesema! Banakulaka bote!”

“Nyamaza, Bea,” Nkambo alisema. “Pepo gani ile, inakuya kukula bukari na samaki, inaacha miba nyuma ya mulango? Pepo inaogopa miba?” Halafu, bila kugeuka: “Mama Mapasa. Leta ile sahani.”

Mama hakusogea mara moja. Wanawake wa vitambaa vyeupe walikuwa bado wamesimama, na mmoja wao alinyoosha mkono kumshika Kabange bega. Hapo mama alinyanyuka. Alichukua lile furushi la nguo, akalifungua mbele ya wote, akatikisa kaptula moja moja na kuzianika kwenye kamba, ingawa zilikuwa kavu.

“Mutoto yangu haende,” alisema.

“Akikufa usikuye kunililia,” Tantine akamjibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. Ningependa hilo lijulikane. Tantine Bea hakuwa mtu mbaya wa tamthilia. Alikuwa na hofu, na alikuwa anampenda Kabange.

“Akikufa,” mama alisema, “atakufa ameshiba.”

Kisha akaingia ndani, akapanda kiti, akaiteremsha sahani kutoka juu ya kabati.

Chakula kilichokuwapo kilikuwa kiporo cha bukari na samaki wa jana. Nkambo alikipasha moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akagawa kwenye sahani mbili zenye ukingo wa buluu, akaziweka sawasawa mbele ya viti viwili vifupi. Kichwa cha samaki akakiweka kwa Kyungu, aliyekipenda. Halafu akasema maneno ambayo mama hakuyajua, kwa sababu yeye si wa ukoo wenye mapasa na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Nkambo alikuwa amemwachia onyo lake bila kumwambia linavyotimizwa. Huenda alidhani kila mtu anajua.

“Kyungu alienda kuteka mayi,” Nkambo alisema. “Hakuna kumungojea. Kabange, mukulie mwenzako.”

Ndiyo maana yake yote. Sahani ya aliyeondoka huwekwa, na aliyebaki huambiwa aile kwa niaba yake. Mama alikuwa na nusu ya desturi, na nusu hiyo aliifunga ndani ya kitenge. Kabange alikuwa na nusu nyingine, ya kumgawia mwenzake, akaifuata peke yake kadiri alivyoweza.

Alimwangalia Nkambo kuona kama ni kweli. Akala yake. Akaimaliza, akalamba vidole. Kisha akaivuta ya Kyungu na kuanza na kichwa cha samaki. Yeye mwenyewe hakukipenda kichwa cha samaki, alikunja uso kila tonge, lakini alikila chote, hadi macho, na mifupa akaipanga ukingoni kama Kyungu alivyozoea kuipanga. Mama alitazama mifupa ile mpaka akalia. Tangu mazishi nilikuwa sijamwona analia namna hiyo, kwa sauti.

Tantine na wenzake waliondoka. Paka wa jirani alikuja mlangoni jioni, na kesho yake, na keshokutwa, akitudai haki yake.

Kabange alijaa mwili kabla mvua hazijakatika.

Nimewasimulia watu wachache, na nimepata majibu ya aina mbili. Mpwa wangu aliyesoma chuo kikuu alisema: basi kumbe hakukuwa na mzimu, ni huzuni ya mtoto tu, Nkambo alikuwa mtu wa saikolojia bila kujua. Mama Odette, nilipomsimulia juzi, alisema: basi kumbe mzimu ulikuwapo, ila mliutuliza. Wote wawili walitaka nikubali. Sikubali. Nkambo hakuwa akicheza mchezo wa kumdanganya mtoto ale. Alisadiki kwamba Kyungu yupo, hivyo akampikia. Tantine naye alisadiki kwamba Kyungu yupo, hivyo akataka kumfukuza. Imani yao ilikuwa moja. Mmoja alimwona mtoto wa nyumbani mwenye njaa, mwingine akaona adui, na katikati yao alikuwa amesimama mtoto aliye hai, ameshika kaptula isianguke.

Wala sitaki mtu aniambie kwamba haya ni mambo ya giza, kwamba siku hizi tumeelimika, kwamba sahani ya pili ni mlango wa mashetani. Nimesikia mahubiri hayo kwenye vipaza sauti vya barabara yetu tangu nina akili. Siombi ruhusa ya mtu. Mtoto aliyekuwa apelekwe kukaa na njaa ana mvi sasa, anachomelea milango ya watu, na mlango ninaoufunga kila jioni ameutengeneza yeye.

Kwa hiyo, waandishi wa tamthilia, nitaendelea kuwaangalia, na kisima chenu nitakisikiliza. Ila kwenye sehemu ile mlikosea. Mhubiri wenu alipopasua sahani, muziki ukapanda na mtoto wenu akatabasamu, mimi nilimwangalia shingo yake nikasema moyoni: sasa ataanza kuacha nusu.

Juzi Mama Odette, baada ya kunisikiliza hadi mwisho, alimgeukia Kabange. “Sasa, papa, ile sahani ya pili, mpaka leo, ni nani anakulaka?”

“Ni mie, mama. Nani mwengine?” Kabange akajipiga tumbo kwa kiganja. “Hauoni?”

Nkambo amezikwa Kipushi. Baba na mama wamezikwa hapa Lubumbashi, kaburi moja karibu na lingine. Tantine Bea yu hai, mzee sana, anakaa Kipushi na bado anaomba. Kabange akienda kumtembelea, Tantine humpakulia sahani moja, naye Kabange huinuka kuchukua ya pili kabatini, na Tantine hutazama pembeni mpaka amalize. Kabange yu hai. Mimi ni hai.

Kyungu alienda kuteka maji.